Tableti inayogeuka kompyuta: wiki 3 mikononi mwa mwalimu wa Katuba aliyekimbia vita

Kitu chenyewe kina uzito wa gramu 895 na unene usiofika sentimita 1. Kilipotoka dukani huko Marekani, mwezi wa 6 mwaka 2024, bei yake ilianzia dola 999, na hapo kibao cha herufi, klavye, hakimo. Kinaitwa Surface Pro, toleo la 11, mali ya Microsoft. Ni kioo cha inchi 13: ukikilaza mezani ni tableti ya kuguswa kwa kidole, ukikisimamisha kwa mguu wake wa nyuma na kupachika klavye ni kompyuta kamili yenye Windows. Hapa Lubumbashi, anayebeba kitu kama hicho kwa kawaida anafanya kazi mgodini au katika shirika lenye gari jeupe. Sasa kimoja kiko katika nyumba ya vyumba 2, komini ya Katuba, kwa mwalimu wa Kifaransa aliyefika kutoka Bukavu mwaka 2025 akiwa na watoto 4. Hadi wiki 3 zilizopita mama huyo alikuwa akiandika kila kitu katika daftari, na kazi za tafsiri akizifanya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kilitumwa na mdogo wake wa kiume anayeishi Montréal, kwa mkono wa msafiri. Kilikuja na ujumbe mfupi wa sauti: "Yaya, hii ni ya kazi. Lakini kama shida inakuzidi, uzisha tu, sitakasirika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoharibu usingizi. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 6, na kodi ni dola 70 kwa mwezi, kwa hiyo dola 420. Mnunuzi mmoja wa mjini aliiona masini, akaigeuza mara 2, akasema dola 650, pesa mkononi, siku ileile. Kwa familia iliyokimbia vita, dola 650 ni garanti, ni ada ya shule ya watoto 2, ni gunia la unga na la makala, na bado kinabaki kidogo. Kwa hiyo wiki hizi 3 Mwalimu amekuwa akikipima kitu hicho kama mtu anayepima ng'ombe sokoni: je, kitazaa zaidi ya dola 650, au kitakula tu?

Njia aliyopita wengi wa huku wanaijua. Bukavu iliangukia mikononi mwa M23 katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, wiki kadhaa tu baada ya Goma. Yeye alishuka Uvira, akapanda boti ya Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na kutoka Kalemie akaja Lubumbashi kwa barabara. Ndani ya boti ndipo alipoanza orodha. Mama mmoja alimwomba amwandikie jina la mtoto aliyepotezana naye bandarini, kisha mwingine akaomba, na walipofika Kalemie daftari lilikuwa na kurasa 5. Leo orodha ina familia 143: nani anakaa komini gani, mtoto gani yuko darasa la ngapi, nani amepoteza kadi ya uchaguzi, nani ana mgonjwa, nani anatafuta nani. Parokia na wasaidizi wakitaka kujua idadi ya watu, wanamwita yeye. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo.

Siku ya kwanza masini ilikula mega. Windows mpya, ukiiwasha mara ya kwanza, inataka intaneti na inataka ufungue akaunti, na ikimaliza hapo inaanza kushusha masasisho yake yenyewe bila kukuuliza sana. Mwalimu alikuwa ameiunganisha na simu, na mega za wiki nzima zikaisha jioni moja. Kijana wa jirani anayesoma informatika ndiye aliyemwonyesha dawa: katika mipangilio ya Wi-Fi kuna mahali pa kutangaza kwamba muunganisho huo ni wa kulipia kwa kipimo, na ukishapabonyeza, mashine inapunguza sana ulaji wa chinichini. Yeyote anayepokea kompyuta ya Windows kutoka kwa ndugu wa nje afanye hivyo kabla ya lingine lote.

Siku ya 2 ilikuwa ya klavye. Iliyotumwa ni ya Kanada, herufi zake zimepangwa kwa mtindo wa QWERTY, na vidole vya mwalimu wa Bukavu vimezoea AZERTY ya Wafaransa na Wabelgiji. Aliandika "amani" ikatokea "q;qni". Watoto wakacheka hadi wakatokwa na machozi. Suluhisho lipo: unaiambia Windows kwamba klavye ni ya Kifaransa, na vidole vinapata njia yao. Lakini hapo herufi zilizochapwa juu ya vitufe zinakuwa za uongo. Mama anaandika bila kutazama. Watoto, wanaotazama, wanapotea kabisa. Yeye haoni hilo kuwa hasara.

Kuhusu kioo hana malalamiko, isipokuwa nje. Kazi ya tafsiri inataka maandishi 2 yakae pamoja, Kifaransa kushoto na Kiswahili kulia, na kwenye simu alikuwa akiruka huku na huku hadi anasahau sentensi ilianzaje. Hapa kurasa zote 2 zinakaa kwa upana wake na herufi ni kali kama zimechapwa. Ndani ya nyumba ni raha. Chini ya mwembe, saa 6 mchana, kioo kinageuka kioo kweli: unajiona uso wako na mawingu, na maandishi yanabaki kwa kubahatisha.

Kisha kuna jambo la kukaa. Mashine za namna hii zinauzwa kama kompyuta ya mapajani, lakini ukweli ni kwamba hazipendi mapaja. Mguu wa nyuma ni bati jembamba linalojitandaza. Juu ya meza linasimama vizuri, juu ya goti linakata ngozi na kutafuta kuanguka. Linataka meza. Na nyumba ile ina meza moja, ambayo saa 12 asubuhi ni ya chai, mchana ni ya bukari na sombe, na jioni ni ya madaftari ya watoto 4. Kompyuta ya kawaida, ile ya kukunja, ingeweza kukaa juu ya kitanda. Hii inasubiri zamu yake mezani kama mtoto wa 5. Kama tableti tupu, bila klavye, inashikika, lakini karibu kilo 1 mikononi si kitu cha nusu saa.

Umeme, kila mtu wa Katuba anaujua. Mito ya Lualaba na Lufira inazungusha mitambo, migodi inachukua sehemu kubwa, na kinachobaki kinagawanywa mtaa kwa mtaa. Kampuni inasema betri inaweza kucheza video hadi saa 14. Mwalimu hachezi video. Kwa kazi ya kuandika, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa hadi nusu, anaanza saa 2 asubuhi na saa 10 jioni bado kuna kidogo. Hilo limembadilishia maisha kuliko jambo lingine lolote katika mashine hii. Umeme mtaani kwake mara nyingi unakuja saa za usiku wa manane. Anaamka, anachomeka, analala tena, na asubuhi ana siku nzima ya kazi mbele yake. Inapokea chaji pia kwa tundu la USB-C, kwa hiyo betri ya sola ya jirani inaisaidia, ingawa taratibu. Na kuna kitu kimoja ambacho majirani wanakuja kukiangalia: giza likiwa totoro, ukikaa mbele yake inakufungulia. Kamera yake inasoma uso kwa miale ya infraredi, haihitaji taa. Wazee wawili wameshasema huo ni uchawi wa Wazungu, mmoja kwa mzaha, mwingine si kwa mzaha.

Shida kubwa ilitokea barabarani, kwenye kibanda cha kuchapisha karatasi. Mwalimu alikwenda na tafsiri yake ya kwanza, kurasa 12 za maelekezo kuhusu kipindupindu, wakaunganisha printa ya mwenye kibanda, printa ya siku nyingi, na mashine ikaikataa. Sababu yake inafaa kuelezwa maana itawakuta wengine. Kompyuta nyingi za Windows kwa miaka mingi zimetumia chipu za ukoo wa Intel. Hii inatumia Snapdragon ya Qualcomm, ya ukoo wa ARM, ndugu wa chipu zilizo ndani ya simu. Ndiyo maana betri inadumu na joto ni dogo. Lakini programu ndogo inayofundisha kompyuta kuongea na printa lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ukoo huo, na watengenezaji wa printa za zamani hawakuiandika. Programu za kawaida zinatafsiriwa ndani kwa ndani na kuendelea kufanya kazi. Printa ya zamani hapana.

Microsoft waliwahi kuungua kwa moto huohuo. Mwaka 2012 walitoa Surface ya kwanza, iliyoitwa RT, nayo ilikuwa ya ARM, na haikuweza kuendesha kabisa programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo. Watu hawakuinunua, na mwezi wa 7 mwaka 2013 kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa sababu ya mzigo uliobaki. Ya leo imejifunza mengi. Kwa mwenye kibanda cha Katuba bado haijajifunza kutosha. Mwalimu amepata njia ya kuzunguka: anahifadhi kazi kama PDF, anaiweka kwenye flashi, na kibanda kinachapisha kwa kompyuta yake chenyewe. Ila hata flashi ilikuwa kazi, kwa kuwa mashine haina tundu la kawaida la USB. Ikabidi anunue kiunganishi sokoni. Cha kwanza kilikufa siku ya 3, cha pili bado kinaishi.

Ipo pia hofu nyingine, na hii ndiyo aliyoizungumzia kwa sauti ya chini. Mashine za kundi hili zina kipengele kinachoitwa Recall, ambacho kikiwashwa kinapiga picha za kioo kila baada ya muda mfupi ili baadaye uweze kuuliza, "nilikuwa nikisoma nini Jumanne?" Kilipotangazwa mwaka 2024, wataalamu wa usalama walipiga kelele, Microsoft wakakirudisha nyuma, na kilipotoka kwa watu wote mwaka 2025 kilikuja kikiwa kimezimwa mpaka mwenyewe ukiwashe. Kwa mwanafunzi wa Montréal huenda ni msaada. Kwa mtu mwenye majina ya familia 143 zilizokimbia watu wenye bunduki, pamoja na mahali zinapolala, ni jambo lingine kabisa. Baadhi ya watu hao wana kaka aliyebaki Bukavu. Mwalimu alikagua mwenyewe, akakikuta kimezimwa, akamwomba yule kijana akague tena. Kisha akauliza swali ambalo wauzaji hawapendi: nikiuza masini hii, majina haya yanakwenda wapi? Jibu ni kwamba diski imefungwa kwa siri, na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine. Uzuri wake, mwizi hataona kitu. Ubaya wake, ukisahau akaunti na mashine ikataka ufunguo, nawe hutaona kitu. Kwa hiyo daftari la boti halijatupwa. Liko chini ya godoro, na kila Ijumaa majina mapya yananakiliwa humo kwa kalamu.

Mtu hawezi kuandika juu ya kifaa kama hiki akiwa Lubumbashi bila kutazama nje ya dirisha. Bomba refu la kiwanda na kilima cheusi cha mabaki ya shaba vinaonekana kutoka karibu kila mtaa, na kilima hicho kimewahi kuchimbwa upya kwa ajili ya kobalti. Betri nyembamba za simu na tableti zinaitumia kobalti hiyo, na zaidi ya theluthi 2 ya inayochimbwa duniani inatoka katika nchi hii, Lualaba na Haut-Katanga. Mwezi wa 1 mwaka 2016, Afrewatch, shirika lenye makao hapahapa Lubumbashi, pamoja na Amnesty International walitoa ripoti juu ya watoto wanaochimba kwa mikono. Mwezi wa 12 mwaka 2019 familia za watoto waliokufa au kuumia mashimoni zilizishtaki Washington kampuni 5: Apple, kampuni mama ya Google, Dell, Tesla na Microsoft. Mahakama ilitupa kesi, na mwezi wa 3 mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo, ikisema kununua kupitia mlolongo wa wauzaji si kushiriki katika kosa. Mwezi wa 2 mwaka 2025, mwezi uleule Bukavu ilipoanguka, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande; mwezi wa 10 ikaleta utaratibu wa mgao.

Wa Mashariki nao wana hesabu yao. Tantalamu, inayotumika katika vipande vidogo vya umeme ndani ya vifaa vya aina hii, inatoka kwenye koltani, na migodi ya Rubaya huko Masisi imekuwa mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya hapo ushuru wa kiasi cha dola 800,000 kila mwezi. Si kusema kwamba mashine iliyoko Katuba ina madini ya Rubaya. Hakuna anayeweza kuifungua na kuona. Mzee mmoja kutoka Masisi, aliyekuja kuandikisha jina la mjukuu wake, alipoelezwa hayo aliigusa masini kwa kidole kimoja akasema: "Basi hii nayo ni mukimbizi. Ilitoka kwetu, ikazunguka dunia, imerudi." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Je, inafaa kununuliwa? Kwa familia nyingi zinazosoma habari hizi, hapana, na hakuna haja ya kuzunguka. Kompyuta ya kukunja iliyotumika, ya robo ya bei hiyo au chini yake, itaandika barua, itatunza orodha, itaongea na printa ya kibandani, na fundi yeyote wa mjini ataijua. Surface ya sasa inafunguka kirahisi kuliko ile ya mwaka 2013, ambayo mafundi wa iFixit waliipa alama 1 kwa 10. Hata diski yake inatoka kwa kufungua kifuniko kidogo chini ya mguu. Lakini kioo kikivunjika, cha badala hakipo sokoni hapa, na kukiagiza ni bei ya kompyuta nyingine. Mtu akitumiwa zawadi ni habari tofauti. Hapo swali linakuwa lile la Mwalimu.

Naye jibu lake limekuja kwa hesabu. Katika wiki 3 amemaliza tafsiri 2, ya kurasa 12 na ya kurasa 9, kwa dola 8 kila ukurasa. Jumla dola 168. Kwa simu, anasema, ya kwanza peke yake ingemchukua mwezi na macho yangekwisha. Zamu yake ya likelemba ya akina mama wa Bukavu ilikuwa mwisho wa mwezi, dola 60. Alikwenda kwa mwenye nyumba na dola 210, nusu ya garanti, akaomba miezi 2 kwa nusu iliyobaki.

Mwenye nyumba alikaa kimya muda mrefu. "Mwalimu, mimi pia niko na watoto," alisema. "Miezi 2. Isiwe 3."

Mnunuzi wa mjini alipiga simu Alhamisi. Bei yake imeshuka: dola 600, kwa sababu, anasema, toleo jipya linaweza kutoka wakati wowote na la zamani halingoji mtu. Mwalimu alimshukuru kwa heshima, akamwambia arudi baada ya miezi 2, na akaandika namba yake katika daftari, si katika masini.

Familia za Kivu zilizofika tangu mwezi uliopita na ambazo majina yao hayajaingia kwenye orodha zinaombwa zije Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, na karatasi yoyote waliyo nayo, hata kadi ya chanjo ya mtoto. Asiye na karatasi aje pia. Kazi itafanyika ndani, mezani, si chini ya mwembe.